Formatini Tu

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya duka la steshenari kule Tandika, Dar es Salaam, lakini wiki hiyo ilikuwa imegeuka mali ya kamati ya harusi. Mwenye duka ndiye mweka hazina. Orodha yote ya michango, nani kaahidi laki tano, nani katoa elfu thelathini na kusema "nyingine mwisho wa mwezi", ilikuwa kwenye faili moja la Excel, bila nakala nje ya mashine. Ukumbi unadai hela yake Jumamosi, na kompyuta haiwaki.

Nilikuta nusu ya kamati imejaa dukani. Nikawaamkia wakubwa. Mjomba wa bwana harusi akaitikia marahaba huku ameshaielekeza mashine kwa kidole.

"Fundi, usijisumbue. Hadi diski imekufa. We formati tu, mama aanze orodha upya."

Mweka hazina akamtazama juu ya miwani. "Nianze na ahadi ya nani, mjomba? Maana yako naikumbuka hata bila kompyuta."

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi meupe juu ya weusi: "Reboot and Select proper Boot device". Maandishi hayo yamewala watu hela nyingi, kwa kuwa kila anayeyaona anayasoma kama cheti cha kifo cha hadi diski, kile kifaa kinachotunza mafaili yote. Wala hayasemi hivyo. BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows, imepita kwenye orodha yake ya pa kuanzia, diski, DVD, flashi, mtandao, na hakuna palipoitika. Diski yaweza kuwa imekufa kweli. Yaweza pia kuwa kebo imelegea, mpangilio umevurugika, au flashi imesahaulika nyuma na BIOS imeng'ang'ania hiyo. Ingeandika "BOOTMGR is missing" tungekuwa na kesi nyingine: diski inasomeka, ila mafaili ya kuiamsha Windows ndiyo hayaonekani. Hapo unawasha kwa flashi ya Windows, unafungua dirisha la amri na kupiga bootrec /fixmbr, halafu bootrec /fixboot, halafu bootrec /rebuildbcd. Kesi zote mbili hazianzi na formati, yaani kufuta diski yote, ila mitaani formati imekuwa panadoli: kichwa, tumbo, goti, meza.

Nikaanza na kisichogharimu kitu. Flashi ilikuwepo nyuma kweli, imebeba nyimbo za bibi harusi kuingilia ukumbini. Nikaichomoa, nikazima, nikawasha. Maandishi yale yale.

"Si nimesema?" Mjomba akavuta kiti, akakaa. "Formatini tu."

Nikawasha tena huku nadonoa kitufe cha Delete mpaka BIOS ikafunguka. Kwenye mashine nyingine ni F2 au F10. Humo mlikuwa na mambo mawili. Kalenda ilisema leo ni tarehe 1 Januari 2009. Na kwenye ukurasa wa SATA, milango ya kuunganishia diski na DVD, mlango mmoja ulikuwa na jina la DVD, ule wa diski umeandikwa "Not Detected", yaani haionekani.

Kalenda ikirudi nyuma namna hiyo, tazama betri ya CR2032, kile kidude cha duara cha volti 3 kilichopachikwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta. Ikiisha, huenda usijue kwa miezi, kwa sababu kompyuta iliyochomekwa ukutani na swichi ikiwa imewashwa hutunza saa na mipangilio yake kwa umeme mdogo wa pawa saplai hata ikiwa imezimwa. Ukiichomoa tu, kumbukumbu zote zinarudi zilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo nikauliza: nani kaichomoa hii mashine?

Kijana wa fotokopi akajibu bila kuinua macho kwenye karatasi zake. "Jana mjomba alikuja na bloa kutupulizia vumbi."

Kamati yote ikageuka.

"Vumbi lilikuwa limezidi," mjomba akasema. "Kompyuta ilikuwa inahema."

Tusimwonee, vumbi lilikuwepo na kulipuliza ni jambo jema. Ila bloa ya umeme haitaki kusogezwa karibu, na feni inatakiwa kuzuiwa kwa kidole isizungushwe na upepo. Tena kabla ya kufunga boksi unapitisha mkono kwenye kila kebo. Mjomba alipuliza, akafunga, akaenda zake.

Nikachomoa waya wa ukutani, nikakandamiza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, nikagusa chuma cha boksi, nikafungua. Diski ya SATA ina kebo mbili: pana ya umeme, yenye pini 15, na nyembamba ya data, yenye pini 7. Ya umeme ilikuwa imekaa sawasawa. Ya data ilikuwa imechomoka upande wa mazabodi, inaning'inia jirani na feni. Ilikuwa ya aina isiyo na klipu ya chuma, inayotoka hata ukiigusa kwa kiwiko.

Kabla ya kuirudisha nikawasha kidogo na kuweka kidole juu ya diski. Iliyo nzima utaitambua kwa mtetemo mwembamba na sauti moja isiyokatika. Ikigonga tak, tak, tak, kisha ikanyamaza, mara nyingi shida iko kwenye kichwa cha kusomea, na kila ukiwasha unazidi kuiharibu. Zima, na kama data ni muhimu mpelekee mwenye vifaa vya kuiokoa. Hii ilizunguka vizuri tu. Mjomba naye akainama kusikiliza.

"Naisikia inakoroma," akasema kwa matumaini.

Nikazima, nikachomoa waya, nikaweka betri mpya ya shilingi elfu mbili na kebo mpya yenye klipu. BIOS sasa ikaiona diski ya GB 500. Nikarekebisha tarehe, nikaiweka diski ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, nikahifadhi kwa F10. Alama ya Windows ikatokea. Watu wakapiga makofi, kasoro mmoja.

Halafu kioo kikawa cha bluu, kikaleta kile kiuso cha huzuni na maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Ikajiwasha upya, ikaanguka tena, ikajiwasha, ikaanguka. Windows 10 ikishindwa mfululizo hivyo huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, na mmoja wa milango yake ni "Reset this PC", wenye chaguo la kubakiza mafaili yako na chaguo la "Remove everything", kufuta kila kitu.

Mjomba aliruka kitini. "Hapo! Hapo hapo, fundi! Kompyuta yenyewe imekubali!" Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kipanya, mwenyekiti wa kamati akamshika mkono.

Diski ikishaonekana lakini Windows inasumbua, usijaribu dawa yoyote kabla ya kutoa mafaili. Nilikuwa na flashi ya GB 8 yenye Ubuntu, mfumo mwingine unaoweza kuwasha kompyuta badala ya Windows, iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus. Unawasha kwa flashi hiyo, unachagua kuijaribu bila kuisakinisha, unafungua diski na kunakili unachotaka. Wakati mwingine Windows 10 huwa haikuzimwa kikamilifu, na Ubuntu inakuruhusu kusoma tu bila kuandika. Kwa kazi ya kunakili inatosha. Tukakuta "michango", "michango mpya", "michango mpya MWISHO" na "michango mwisho kabisa". Nikachukua zote nne. Nikapita pia kwenye ripoti ya afya ya diski, SMART: sekta, yaani vipande vya diski, zilizohamishwa kwa ubovu 0, zinazosubiri 0, ila makosa ya CRC yapo. CRC ni makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi, na mara nyingi kebo ndiyo mkosaji. Kwa maneno mengine, diski haina hatia.

Kile kioo cha bluu kilibaki jambo la dakika moja. BIOS iliporudi kiwandani ilirudisha pia namna ya kuwasiliana na diski, kutoka AHCI kwenda IDE. Windows ilisakinishwa ikiwa kwenye AHCI, ikaamka na dereva (programu ya kuendeshea kifaa) wa AHCI, ikaikosa diski iliyopo mbele yake. Nikaingia BIOS, ukurasa wa SATA, nikarudisha AHCI. Kwenye mashine ya diski moja kubadili hivyo hakufuti kitu, ukikosea unarudisha tu. Lakini ukikuta diski mbili zimefungwa pamoja kwa RAID, ondoa mkono hapo.

Windows ikafunguka na picha ya bibi na bwana harusi. Mweka hazina hakusubiri, akafungua orodha, akaichapa nakala sita na kuigawa hapo hapo. Mjomba akaipokea yake, akaishusha kwa kidole hadi jina lake.

"Hii laki tano," akasema, "yalikuwa mazungumzo."

"Imeandikwa ahadi," mwenyekiti akamjibu.

Nikataja hesabu yangu: betri, kebo, ufundi, jumla elfu thelathini. Mweka hazina akaitikia vizuri kabisa, akaandika kitu kwenye kompyuta, printa ikatoa ukurasa mmoja zaidi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mstari wa chini kabisa ulikuwa mpya: Fundi kompyuta, ahadi 50,000, imelipwa 30,000, bado 20,000.

"Kikao Jumapili saa kumi," mwenyekiti akaniambia. "Usichelewe, kuna faini."