Mna kazi mezani, mnagawa vyeti

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumpigia vigelegele shemeji yangu. Ana miaka 51 na alikuwa anahitimu. Mafunzo ya ufundi friji na viyoyozi, miezi mitatu, kwa ruzuku ya klabu moja ya huduma ambayo siitaji, na ninyi msijisumbue kubahatisha. Ukumbi wa hoteli, bango kubwa lenye nembo, keki. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili, kama ada. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba klabu "imewapatia ajira Watanzania arobaini".

Ajira! Nikamtazama shemeji. Naye akatazama viatu vyake.

Niseme kwanza la haki, maana nikilificha mtanisuta. Pesa zilitoka, walimu walifundisha. Shemeji, aliyepunguzwa kazi kiwandani miaka minne iliyopita, sasa anaijua kompresa kwa kuisikiliza. Anainama, anaweka sikio ubavuni mwa friji kama daktari, kisha anakwambia, "Hii gesi imeisha," au, "Hii imekufa mama, usitupe hela." Tena mtu wa umri wake nani mwingine anamkumbuka? Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanamume wa miaka 51 mwenye afya yake na asiye na kazi hana dirisha la kupanga foleni. Kwa hiyo ahsanteni. Nimeshashukuru.

Kilichonichoma ni ukumbi wenyewe. Nilihesabu viyoyozi, vilikuwa sita, na kimoja kilikuwa kinadondosha maji kwenye beseni lililofichwa nyuma ya spika. Meza ya mbele walikaa wanaklabu, wakatambulishwa mmoja mmoja na shughuli zao: mwenye maduka ya vyakula, mwenye hoteli, mwenye shule, daktari mwenye kliniki yake. Piga hesabu mwenyewe. Majokofu ya nyama mangapi pale? Friji za dawa? Viyoyozi vya ofisini? Kila kimoja kina fundi wake, na fundi huyo analipwa. Basi hakusimama hata mmoja akasema: wawili kati ya hawa waje kwangu Jumatatu, nitawajaribu. Hata mmoja! Wamechanga pesa kumfundisha mtu kazi, na kazi yenyewe iko kwao, imewajaa, wanampa mwingine. Umemfundisha mtu kupika, umemvisha aproni, umepiga naye picha, halafu chakula unaagiza kwa jirani.

Najua mtakachosema: jokofu la nyama si la kujifunzia. Sawa. Mpe kusafisha vichujio vya viyoyozi chini ya fundi wako wa siku zote, miezi miwili tu, umwone. Akiharibu, mfukuze. Angalau atafukuzwa kazini, maana sasa hivi hana hata pa kufukuzwa.

Na klabu za namna hii hazikuanzia kwenye kukata utepe. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905 na watu wanne: wakili Paul Harris na wenzake watatu, mmoja wao fundi nguo. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, ndiko jina lilikotoka, na moja ya faida walizozifuata ilikuwa kupeana biashara. Kupeana kazi kulikuwa ndani ya nyumba tangu siku ya msingi! Huduma kwa wengine ikaja baadaye, nayo ni heri. Ila kwa nilichokiona Jumamosi, biashara bado tunapeana wenyewe kwa wenyewe, na maskini tunawaachia semina.

Msiniambie kufuatilia ni kugumu. Rotary haohao waliivalia njuga polio mwaka 1985, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena kirusi cha polio cha asili. Miaka 35! Hawakuhesabu matone waliyodondosha wakapiga picha wakaenda zao. Walihesabu watoto waliokuwa bado wanaugua. Kwenye ajira kwa nini tunahesabu vyeti? Mtu arudi baada ya mwaka, awakalishe wale arobaini, awaulize: wiki hii umeingiza shilingi ngapi? Rotary wana maswali manne ya kujipima, na la kwanza linauliza kama jambo ni la kweli. Wenye bango la Jumamosi naomba waliazime hilo moja tu.

Kuna nauli pia: magari mawili kwenda, mawili kurudi, miezi mitatu, kwa mtu asiye na kipato. Walioacha katikati wakaitwa wavivu. Kuna mafundi wa miaka mingi ambao hawahitaji darasa kabisa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, walipieni hao. Na kuna vifaa. Fundi friji bila geji ya kupimia gesi na pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa kwenye mabomba ni msikilizaji tu. Shemeji anamiliki bisibisi tatu, na cheti ambacho dada ameshakitia plastiki na kukitundika sebuleni, juu ya televisheni.

Nikiwa naandika haya simu imeita. "Shem, nimepata kazi. Friji la mama muuza samaki hapa Mbagala, halishiki baridi." Nikafurahi, nikampongeza. Akakohoa kidogo. Pampu anaikodi kwa fundi mwenzake, elfu kumi kwa siku, na mwenye pampu hakopeshi.

Nimemtumia, na ya kutolea.