Kobe wa Jiahu hakuandikwa kitu

Wiki hii ile video nimetumiwa mara tatu, ya tatu na mjomba: eti Wachina walianza kuandika miaka 8,600 iliyopita, ushahidi magamba ya kobe wa Jiahu, mkoani Henan. Nikajibu kwa adabu zote. Nikaambiwa nina wivu. Haya.

Magamba yapo, sikatai. Yamefukuliwa makaburini, yana alama chache za kuchonga, na moja inafanana kweli na herufi ya jicho, 目. Sasa jicho utalichoraje lisifanane na jicho? Kutoka hapo hadi maandishi ya Anyang, ya kwanza ya Kichina yanayosomeka, ya kama mwaka 1200 KK, ni zaidi ya miaka 5,000. Vyungu vya Banpo, kijiji cha kale pale Xi'an, ni yale yale: mstari au miwili ukingoni mwa bakuli, basi. Mwanahistoria Guo Moruo mwaka 1972 aliona humo chimbuko la herufi za Kichina. Jina kubwa, mistari ikabaki ile ile.

Bibi yangu hakujua kusoma. Ndoo yake pale bombani ilikuwa na msalaba wa rangi nyekundu, na foleni nzima ilijua ni ya nani. Alipofariki ndoo ikaenda kwa jirani, na msalaba ukawa wa jirani. Hapakuwa na neno la kufuta.

Njoo Anyang sasa. Mfalme Wu Ding wa nasaba ya Shang anauliza kwa ramli kama mkewe Fu Hao atajifungua salama. Gamba la kobe linachomwa, linapasuka, mfalme anasoma nyufa: akijifungua siku ya ding (ndivyo kalenda yao ilivyoita siku), heri, siku ya geng, heri kubwa. Kisha matokeo yanachongwa pale pale: baada ya siku 31, siku ya jiayin, amejifungua. Si heri. Ni msichana.

Nilikasirika, jamani! Miaka 3,000 na ushee, na mtu kaniudhi kwa sentensi. Alama gani ya Jiahu imewahi kumuudhi mtu?

Nakubali, shingo upande, kwamba maandishi ya Anyang hayakushuka kutoka mbinguni. Yamekomaa mno, na tayari yana herufi 册, vipande vya mianzi vilivyofungwa kamba. Kwa hiyo huenda waliandika kwenye mianzi kabla, nayo ikaoza. Tafuteni huko basi, mwacheni kobe apumzike.

Mjomba nimemtumia hiyo ya msichana. Kasoma, tiki mbili za bluu. Hajajibu.