Hesabu au visa? Kufundisha usimamizi wa uendeshaji kwa wanafunzi wa MBA

Wanafunzi wengi wa MBA, shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, husoma usimamizi wa uendeshaji, yaani namna ya kupanga na kuendesha kazi za kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, kwa sababu ni somo la lazima. Mtu aliyekuja kusomea fedha au masoko haoni foleni, maghala na ratiba za mashine zinamhusu nini. Walimu nao wamegawanyika kuhusu namna ya kumvuta. Wapo wanaoanza na hesabu: kanuni ya Ford Harris ya mwaka 1913 ya kukokotoa kiasi cha mzigo cha kuagiza kwa mkupuo mmoja, kisha nadharia ya foleni. Wengine hufuata njia iliyoenezwa na Harvard: mwanafunzi husoma kisa cha kampuni ya kweli nyumbani, halafu darasani wote wanajadili wangefanya nini kama wangekuwa mameneja.

Upande wa hesabu una hoja nzito ambayo wapenzi wa mijadala huipita haraka. Foleni haifuati akili ya kawaida. Chukua dirisha moja la benki linaloweza kuhudumia wateja 20 kwa saa, yaani wastani wa dakika 3 kwa kila mmoja. Wateja wakija 16 kwa saa, kwa nyakati zisizotabirika, na shughuli zao zikitofautiana urefu, modeli ya msingi ya foleni inaonyesha kwamba mteja atatumia wastani wa dakika 15 tangu anapoingia hadi anapotoka. Wakija 18, dakika 30. Akiongezeka mmoja tu, wakawa 19, ni saa nzima. Meneja asiyejua hili humwona karani amekaa dakika chache bila mteja, akaamua kupunguza watumishi ili kubana matumizi, na foleni ikifika mlangoni anawalaumu waliobaki kwa uvivu. Hakuna mjadala, hata uwe mtamu vipi, utakaomfikisha mtu kwenye tarakimu hizo. Sharti azikokotoe mwenyewe.

Hata hivyo, hesabu hiyo haisemi kwa nini karani huondoka dirishani kwenda kutafuta saini ya msimamizi. Hapo visa vinashinda. Kiwanda cha General Motors cha Fremont, California, kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya utoro na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, na chama chao kilekile, lakini ubora ukapanda haraka. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi: mfanyakazi akiona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba kuomba msaada, hata mstari mzima ukasimama, na msimamizi alikuja kusaidia badala ya kugomba. General Motors ilichukua miaka mingi kuufikisha utaratibu huo kwenye viwanda vyake vingine, ingawa mameneja wake walikuwa wameuona kwa macho. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho kubwa la kisa chenyewe, na halimo katika kanuni yoyote.

Tatizo la visa ni kwamba huzawadia ulimi. Mwenye maneno mazuri hupata alama bila kupima chochote. Isitoshe, tarakimu zote ameshatafutiwa na mwandishi wa kisa, ilhali kazini kuzitafuta ndiyo nusu ya kazi.

Ndiyo maana naona hesabu itangulie, lakini iwe chache, na mwanafunzi atoke nje kuitumia kabla ya mjadala wowote. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwamba idadi ya waliomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wanaokaa humo. Mpeleke mwanafunzi wa Dar es Salaam kwenye Mwendokasi, mabasi ya haraka ya jiji hilo, na kanuni hiyo moja. Tuseme basi hutumia dakika 90 kwenda na kurudi kati ya Kimara na Kivukoni, na tunataka basi kila dakika 3: yanahitajika mabasi 30. Safari ikirefuka hadi dakika 120, yanahitajika 40 kwa huduma ileile. Kilio cha kawaida ni mabasi yaongezwe. Aliyesimama kituoni na saa mkononi atauliza pia dakika zile 30 zimepotelea wapi: kupakia abiria, makutano ya barabara, au kugeuza mwishoni mwa njia?

Pingamizi zipo, na si ndogo. Wanafunzi wengi wa MBA wameajiriwa na husoma jioni. Anayepima kazi ofisini kwake huonekana mpelelezi, na mwajiri hapendi takwimu zake zitoke. Vituo vya umma hupunguza shida hiyo, lakini anayetazama kwa nje hawezi kujua kama basi limekosekana kwa sababu ya vipuri, dereva au uamuzi wa ofisini. Hapo ndipo mjadala wa visa unapohitajika, sasa kati ya watu waliokwisha kupima.

Muda wa haya yote utoke wapi? Ningeanza kukata majuma yanayotumika kutatua kwa mkono programu za mstari, yaani hesabu za kutafuta mgawanyo bora wa rasilimali chache, kwa mbinu ya George Dantzig ya mwaka 1947. Kompyuta huzimaliza kwa sekunde chache, na meneja anachohitaji ni kujua kuliandika swali lenyewe na kulisoma jibu.