Bingwa wa ving'ora

Mimi hapa Kisenyi, Kampala, nilikuwa najulikana kama bingwa wa ving'ora. Dirisha langu linatazama barabara, nimelala na hizo kelele miaka, so pale kwa chapati nilikuwa nawasomesha watu: ambulansi inalia kwa kuvuta, wiiii-wooo, kama mtoto anayedeka, zimamoto ina honi nzito nyuma yake, na msafara wa wakubwa huo hauna adabu, unabweka tu pyu pyu pyu mpaka boda zinapanda vibarazani. Wengine walishaanza kuniita dokta.

Ikaja 2020, korona, kafyu saa moja jioni. Giza likiingia mtaa unakuwa kimya unasikia mpaka mbwa akijikuna. King'ora kikilia tumbo linakata, maana kama si doria basi ni wale wa nguo nyeupe wamekuja kumpeleka mtu karantini, na mi bora doria.

Sasa siku hiyo saa mbili kasoro njaa imenikaba. Jamaa wa chapati alikuwa anapikia uani kimyakimya, jiko kalikinga na bati mwanga usitoke, nikajipenyeza nikakuta watu kama sita wamechuchumaa wanangoja. Nikaagiza rolex ya mayai mawili, ile chapati inayoviringishiwa mayai ndani. Mayai ndo kwanza yanashika kwenye kikaango, kitunguu kinachacharika, mara king'ora hicho. Wote wakanigeukia.

Nikanyanyua kidole, nikafumba na macho wallahi, nikasema, "Tulieni. Hiyo ambulansi, inaenda zake hospitali ya Mulago."

Wakatulia. Jamaa akageuza yai.

Ilikuwa doria banange, pikapu nzima, tochi zikatumulika kama kuku bandani! Watu mbio huku na huku, mwingine kaparamia ukuta na chapati mdomoni, na mimi dokta nikaruka mtaroni nikijua mkavu. Mtaro wa Kisenyi uwe mkavu lini? Nikazama mpaka kiunoni, kandambili moja ikaniaga ikaelekea mfereji wa Nakivubo.

Niko humo sipumui, juu yangu nasikia askari anauliza, "Hii rolex ya nani?" Kimya. Akauliza tena. Nilikuwa naijua mwenyewe, mayai mawili. "Haya," akasema, halafu nikamsikia anatafuna, taratibu, bila haraka yoyote.

Wanne walilala kituoni na hawajanisamehe mpaka kesho.

Ile tarehe 16 Novemba 2021, bomu zilipolipuka mjini, moja karibu na stesheni kuu ya polisi na nyingine upande wa Bunge, ving'ora vililia mpaka masikio yakachoka, na siku hiyo hakuna aliyeniuliza ni vya nini. Tulikuwa tunapigiana simu tu, uko wapi, umefika.

Ila siku za kawaida kikipita kimoja tu, yule jamaa wa chapati anaacha kila kitu, ananyanyua kidole, anafumba macho, "Dokta, hiyo ya wapi?" na wateja wote wanaangalia mtaroni.