Yogi Berra alikuwa mdakaji kwanza

Ndugu Mhariri, makala yenu kuhusu Yogi Berra, mchezaji wa besiboli wa timu ya New York Yankees ya Marekani, imetumia nafasi kubwa mno kwa misemo yake ya kuchekesha, huku udakaji wake ukipitiwa juu juu. Mdakaji wa besiboli huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na enzi za Berra alimwonyesha mrushaji, kwa ishara za vidole zilizofichwa kati ya mapaja, aina ya mpira anaoutaka. Kwa hiyo yeye ndiye anayeupanga mchezo, ingawa sifa humwendea mrushaji. Tarehe 8 Oktoba 1956, katika fainali dhidi ya Brooklyn Dodgers, Don Larsen, mrushaji wa Yankees, aliwatoa wapigaji 27 mfululizo, yaani mchezo mzima, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza, jambo ambalo halijatokea tena katika fainali hizo. Aliyeomba kila mpira alikuwa Berra, yule anayeonekana pichani akimrukia Larsen kifuani kama mtoto, miguu yote miwili ikiwa hewani.

Berra alitwaa ubingwa mara 10 akiwa mchezaji, na hakuna aliyemfikia. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake aliipata mara tatu, 1951, 1954 na 1955. Mngeongeza pia kwamba Juni 1944, akiwa baharia wa miaka 19, alikuwamo katika uvamizi wa Normandy. Kuhusu Jackie Robinson wa Dodgers kuiba kituo cha nyumbani katika fainali ya 1955, yaani kukikimbilia kituo cha mwisho na kupata alama bila mpira kupigwa, mwamuzi alikubali kwamba alifika salama, lakini Berra alishikilia hadi uzeeni kwamba alimgusa kwa mpira kabla hajafika, nami namwamini.