Kamera Yake Tumeiona, Picha Zake Hatukuziona

Hivi karibuni wageni waalikwa hapa Dodoma walioneshwa filamu fupi ya makala kuhusu dada mmoja mpiga picha wa mjini kwetu, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa kuwa kazi yangu ni kuhariri video na waandaaji walidhani kwamba ningefurahi. Kwa karibu nusu saa tulimwona akipanda bodaboda Area C, akifuta lenzi kwa kitambaa, akisukumana na wapambe kwenye harusi, akicheka na mama yake jikoni, na mara nyingi kupita kiasi tulimwona kutoka angani, akiwa nukta juu ya jabali huku droni ikimzunguka. Picha alizopiga yeye, ukizijumlisha zote, hazikukaa kwenye skrini hata dakika mbili. Makofi ya mwisho yalichukua muda mrefu kuliko hapo.

Najua ugonjwa huu unatoka wapi, maana ndio unaonilisha. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, vijana wengi wa kamera wamepata riziki kwa video za taasisi, ambazo sote tunazijua kwa moyo: majengo ya Mji wa Serikali wa Mtumba kutoka angani, barabara kutoka angani, msimulizi mwenye sauti nzito, kiongozi akieleza mafanikio, kisha muziki unapanda. Mkono uliozoea muundo huo hautofautishi tena mradi wa maji na binadamu. Ukipewa mpiga picha, unamtengeneza kama kisima kilichozinduliwa.

Chukueni picha yake moja tu, ambayo nimewahi kuiona ikiwa imechapishwa na kutundikwa ofisini kwake. Ni ya mama mtu mzima wa kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, baada ya kutumbuiza kwenye shughuli ya kiserikali. Ngoma bado ameibana katikati ya mapaja na shanga zimetulia kichwani, lakini miwani ameishusha hadi puani, na kwa mkono mmoja anatafuta namba kwenye simu ya kitochi, kwa uso wa mtu anayewaza usafiri wa kurudi kijijini kabla jua halijazama. Chini kabisa, kwenye kona ya kulia, kuna mguu wa kiti cha meza kuu na kiatu cheusi kinachong'aa. Ukiitazama kwa haraka utamwona bibi na simu, utatabasamu na kupita. Ukikaa nayo, jicho linateremka kutoka kwenye simu hadi kwenye ngoma, linafuata kivuli hadi kwenye kile kiatu, na hapo unaelewa nani aliletwa kutazamwa, nani alikuja kutazama, na nani atapata gari la kuondokea.

Kwenye filamu, picha hiyo ilikaa kwa pumzi mbili, tena ikivutwa polepole kuelekea usoni, kwa ule woga wetu wa kitu kilichotulia. Kiatu kilitoka nje ya fremu kabla mtazamaji hajajua kwamba kilikuwapo. Maana yake ni kwamba mhariri aliufuta uamuzi wa mpiga picha, akaweka wa kwake, kisha akaandika jina la mpiga picha chini. Hata bila kuvuta, hesabu yenyewe inauma: picha za kamera yake zina uwiano wa 3 kwa 2 na skrini ina 16 kwa 9, kwa hiyo ukiilazimisha picha ya mlalo ijaze skrini yote, unakata karibu sehemu ya sita ya kimo chake, na ukiifanyia hivyo picha ya wima, unatupa zaidi ya nusu. Ni nani aliyetuambia kwamba skrini lazima ijae? Iacheni iwe nyeusi pembeni, wekeni picha nzima katikati, ikae sekunde 15 bila muziki, na watu ukumbini wakohoe wanavyotaka. Atakayechoka kutazama picha katika filamu ya mpiga picha alikosea mlango.

Wala siombi jambo ambalo halijawahi kufanyika. Filamu ya Laura Poitras kuhusu mpiga picha wa Marekani, Nan Goldin, iliyopata tuzo kuu ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2022, inabebwa kwa sehemu kubwa na slaidi za Goldin mwenyewe, na sauti yake ikieleza. Nitaambiwa kwamba wale wana pesa. Wanazo, lakini kuiacha picha itulie kwenye skrini hakuhitaji mfadhili, wakati ile droni ilikodishwa.

Halafu likaja swali ambalo kila mwanamke wa nchi hii mwenye taaluma ameshalijibu hadi analijibu usingizini: ni changamoto gani unakutana nazo kama mwanamke? Changamoto zipo, sibishi; washehereshaji humtuma maji, na wateja humpunguzia bei kwa sababu wanadhani kamera ni ya kaka yake. Hata hivyo, hakuna aliyemuuliza anafanyaje kazi saa saba mchana mwezi wa tisa, wakati jua la Dodoma linachimba vivuli machoni, na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi amesimama ndani ya shela jeupe. Kamera ikiachwa ipime mwanga yenyewe, shela huidanganya, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Yeye huongeza mwanga kwa makusudi, humgeuza bibi harusi alipe jua mgongo, na hutafuta ukuta wa rangi hafifu urudishe mwanga usoni. Hayo alinieleza siku moja tukisubiri chipsi, bila hata kuulizwa, kwa furaha ambayo filamu nzima haikuipata. Jaribuni kutengeneza filamu kuhusu Aïda Muluneh, mpiga picha wa Ethiopia aliyeanzisha tamasha la picha la Addis Ababa mwaka 2010, kwa kumuuliza changamoto tu, muone nyuso zake zilizopakwa rangi na ule wekundu wake mkali vitaingilia dirisha gani.

Nikubali, kwa shingo upande, kwamba sauti ilinaswa vizuri, jambo ambalo si dogo katika mji wenye upepo kama huu, na kwamba ile sehemu ya jikoni na mama yake ni nzuri kweli; mama anasema hajui mwanawe anafanya kazi gani hasa, kisha anatoa kabatini kila picha aliyowahi kuletewa, imefungwa kwenye kanga. Kamera ikabaki usoni kwa mama. Zile picha hazikufunguliwa!

Nilimpigia simu kesho yake nikiwa nimejaa hasira kwa niaba yake, naye akanituliza. "Kaka, angalau jina langu wameliandika sawasawa, na wateja wawili wameshanipigia." Sina cha kubishana na wateja wawili. Nilipomuuliza kama alilipwa kwa matumizi ya picha, akacheka, akasema alipewa fulana.

Nasikia sasa linaandaliwa toleo refu zaidi la kupeleka kwenye tamasha. Kama ni kweli, mwiteni kwenye chumba cha uhariri, mlipeni siku zake kwa kiwango kilekile cha rubani wa droni, na yeye ndiye aseme picha ipi ikae na kwa muda gani. Fulana anayo tayari.