Watoto wa Kitanda

Leo alfajiri niliamka kwa adabu zote ili nisimsumbue mtu, nikaugonga mtungi wa maji kwa kidole kile kile nilichokigonga juzi, na nyumba nzima ikaamka. Nisemapo nyumba nzima nakusudia chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 hapa Majengo, Mombasa, chenye watu watano, mitungi saba ya lita 20, kwa kuwa tabia za mfereji wetu mnazijua, na feni inayotugawia jasho lile lile kwa zamu.

Shemeji yangu ndiye aliyesema kwamba chini ya kitanda kuna chumba cha pili kilicholala bure. Nikamwagiza fundi kitanda cha tano kwa sita chenye droo mbili ubavuni. Fundi alikuja bila tepu, akapima kwa shubiri zake huku akinong'ona kama mganga, kisha akatangaza: "Ami, hiki kitaingia mpaka ushangae." Kiliingia, nami nikashangaa, maana droo hufunguka shubiri moja tu kisha hukutana na mguu wa kochi. Wazee huiita droo mtoto wa meza. Mimi nimejaliwa watoto wawili wa kitanda, na wote wawili hawataki kutoka nyumbani.

Basi leo ni Ijumaa, na kanzu imo humo. Ili droo ifunguke ni lazima kochi litoke, na ili kochi litoke ni lazima mitungi saba ipande kitandani, alikolala mwanangu wa mwisho. Kochi likakwama mlangoni, nusu chumbani na nusu ukumbini, ambako jirani yangu hukaanga mahamri ya kuuza. "Ngoja mwanangu, mafuta ya moto haya," akasema, nami nikangoja sinia tatu nzima nikiwa nimeushikilia mguu wa kochi, huku wateja wa mbaazi wakinisalimia kwa heshima na kulikalia. Walilikalia! Kanzu ilipopatikana ilikuwa inanuka iliki.

Nikampigia fundi simu. "Ami, droo ni nzuri, chumba chako ndicho kibaya."

Misumari ya kutundikia nguo mwenye nyumba ameipiga marufuku. Nawaonea wivu wazee wa Mji wa Kale, ambao vyumba vyao navyo vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, lakini kuta zao za matumbawe zilikuwa nene kiasi cha kubeba zidaka za kupangia vyombo. Mimi nikichimba kidaka katika ukuta wangu nitapeana mkono na jirani.

Sasa nimekaa barazani, mahali pekee ambapo miguu yangu hunyooka, na kijana mmoja ameniomba niikunje kidogo apitishe tuktuk yake uani. Nimemuuliza ameipima kwa nini. Kanionyesha mkono.